Mto Ulionyooshwa

Nchi ya Rumbeo imelala ubavuni mwa mto Sirimba, na mto huo, tangu maji yalipojua kuteremka, haujawahi kwenda moja kwa moja hata siku moja: unatoka milimani kwa kishindo, unapunguza mwendo ukifika chini ya kuta za mji mkuu wa Tengeleo, kisha unajipinda mabondeni kushoto na kulia kana kwamba una jamaa kila upande wa kuwajulia hali. Wenyeji waliuzoea. Walijenga pale mto ulipowaachia udongo, wakalima ulipowaachia rutuba, na aliyetaka kufika mapema alianza safari mapema. Watawala ndio hawakuuzoea. Juu ya kilima cha Tengeleo, ndani ya kasri ambalo madirisha yake yote yanatazama mtoni, wamerithishana kiti watu wanaoitwa Mwinyimto, yaani wenye mto, na kila mmoja wao aliamini kwamba maji yanapita pale kwa ruhusa yake.

Mwinyimto Shangwere, anayetuhusu hapa, alikuwa mtu wa kisasa. Alichukia moshi, kelele na jasho, hasa jasho la wengine. Ndiyo maana akaagiza boti za umeme, nyeupe, zisizo na muungurumo, zenye viti vya ngozi na paa la kioo, ziwatembeze mtoni wageni kutoka nchi za mbali. Na pamoja nazo akaagiza programu ya simu ya kupangia safari hizo, ikaitwa Jicho. Mgeni aligusa tu, akasema anataka kupita wapi, ale nini na aone ndege gani, nalo Jicho likampimia njia, likamkadiria umeme wa betri, likamwambia atachaji wapi na atafika saa ngapi. Tuseme haki, lilikuwa jambo zuri. Ubaya ni kwamba lilipendeza mno, mpaka serikali nzima ikaacha kutazama dirishani ikawa inatazama Jicho. Boti ya wagonjwa ilikwenda Jicho lilikoielekeza, mwalimu alipelekwa kijiji kilichomo Jichoni, na Bwana Mpwamu, Waziri wa Matembezi, ambaye kazi yake miaka yote ilikuwa kumvisha Mwinyimto kilemba cha ukoka, akawa msimamizi wa mambo yote yanayopita mtoni, yaani mambo yote.

Kasoro ilikuwa moja. Katikati ya njia mto ulipiga kona kubwa, na ndani ya kona hiyo kulikuwa na kijiji cha Mikomboni na nguzo ya kuchajia boti. Wageni walishuka hapo betri zikijazwa. Walipaswa kutazama ndege, wakatazama watu. Wakapiga picha za nyumba zinazovuja, za akina mama wanaofua kwa majivu kwa kukosa sabuni, za watoto wanaogombea ganda la muwa, na picha zikazunguka dunia mpaka zikamrudia Mwinyimto akiwa anakunywa chai. Chai ilimwagika.

"Kwa nini mto wangu unapinda?" aliuliza.

"Ukorofi tu, Mtukufu," akajibu Mpwamu. "Tuunyooshe, na mengine yatanyooka yenyewe."

Kuunyoosha kwa majembe kungemaliza vizazi. Kuunyoosha Jichoni kulimchukua fundi muda wa kumaliza andazi lake. Aliburuta kidole, kona ikafutika, na pale palipokuwa na Mikomboni pakaota nyasi za kuchorwa, za kijani kibichi. Wanakijiji wakati huo walikuwa wanamenya mihogo, wala hakuna aliyehisi kitu. Nguzo ya kuchajia ikang'olewa ikapelekwa kuwasha taa za bustani ya kasri, maana mto ulionyooka ni mfupi, na safari fupi haihitaji kuchaji njiani. Mitumbwi ya kijiji ikakusanywa na kuchomwa moto, kwa kosa la kuelea mahali pasipokuwepo. Kisha boti ya wagonjwa ikaacha kuja.

Hapo ndipo Bi Mwatatu alipohisi kitu. Alikuwa mjane wa Mikomboni mwenye mtoto mmoja tu, Zawena, na Zawena alikuwa mjamzito. Uzazi wa kwanza nusura umtoe roho. Aliokolewa na hospitali iliyoko mto unakoteremkia, ukishaimaliza kona, na daktari akaonya kwamba mara nyingine asithubutu kujifungulia nyumbani. Nyuma ya kijiji ni kinamasi cha maji ya kiunoni, ambacho mtu mzima hukipita kwa taabu na mgonjwa hakipiti kabisa. Bi Mwatatu akakivuka peke yake, akaingia Tengeleo na matope mpaka mapajani, akafikishwa mbele ya Mpwamu katika ofisi yenye baridi ya kununuliwa.

"Unatoka wapi, bi mkubwa?" waziri aliuliza, macho yakiwa kwenye simu.

"Mikomboni, baba. Naomba boti ya wagonjwa iturudie. Mwanangu siku zake zimekaribia."

Waziri akatafuta, akatafuta tena kwa adabu. "Hakuna mahali panapoitwa hivyo."

"Mimi nimetoka huko. Matope yake ndiyo haya."

"Matope yapo kila mahali, mama. Nisikilize. Pale ni nyasi. Serikali haina mtu pale, haina amri pale. Nitakusaidiaje?"

"Kwa hiyo kule kwetu Mwinyimto hana amri?"

"Amri juu ya mahali pasipokuwepo?" Mpwamu alicheka mpaka akafuta machozi, akamwita askari amtoe mama taratibu.

Bi Mwatatu alilia njia nzima ndani ya kinamasi. Alilia kwa hasira. Huzuni aliiweka akiba, akiogopa kwamba ataihitaji.

Haukupita muda, Mwinyimto akatangaza safari ya kuuzindua mto wake mnyoofu, kutoka kasri hadi Gati la Dahari, ambako raia walipangwa kwa urefu ili kumpokea. Jicho lilipanga kila kitu: mwendo, vinywaji, hata pahali pa kutabasamu. Lilikadiria umeme wa mto ulionyooka, likaona unatosha na kubaki. Hotuba ya kufika, pamoja na mizinga na vigelegele vyake, ilirekodiwa mapema ili Mtukufu asichoke, nalo Jicho likapewa kazi ya kuirusha redioni boti itakapofika. Na kwa kuwa hakuna afisa aliyekuwa tayari kuonekana amemchelewesha mtawala, iliamriwa kwamba boti ya Mwinyimto isionekane Jichoni imechelewa, liwe liwalo.

Nahodha, aliyechaguliwa kwa jinsi sare ilivyomkaa mabegani, aliiona kona inakuja. Akafungua mdomo, akakumbuka kwamba kona haipo, akaufunga. Maji yakapinda, boti nayo ikapinda, ikaendelea kupinda, mpaka betri ikazimika. Mkondo ukaichukua polepole ukaikwamisha topeni, mbele ya nyumba za watu wasiokuwepo.

Siku hiyo Zawena alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mtoto hashuki, na wakunga walikuwa wameanza kutazamana.

"Enyi watu!" Mpwamu alipaza sauti kutoka botini. "Njooni mtusukume! Mwinyimto amekwama!"

Bi Mwatatu alitoka nje, mikono imelowa. "Hapa hapana watu, baba. Hapa ni nyasi."

"Tuko wapi?" Mwinyimto aliuliza.

Waziri akatazama Jicho. "Mtukufu, tumefika. Tuko Gati la Dahari, tunapokewa."

Na kweli, kutoka dirisha la nyumba ya karibu, redio ilikuwa inarusha mizinga na vigelegele, kisha ikasikika sauti nzito iliyozoeleka nchi nzima: "Wananchi wangu, nimefika salama." Mwinyimto akajisikiliza, mdomo wazi. Hakuna ambaye angekuja kumtafuta, maana nani amtafute mtu aliyekwisha kufika?

Wanaume wa kijiji hawakungoja hotuba iishe. Walikata miti mirefu ya kusukumia, wakamtoa Zawena na kitanda chake cha kamba, wakamlaza kwenye viti vya ngozi chini ya paa la kioo. Nahodha akashika mti wa kwanza. Wa pili ulishikwa na Mpwamu, aliyekuwa na pua kali ya kunusa amri ilikohamia. "Nielekeze wewe, mama mtukufu," alimwambia Bi Mwatatu.

"Boti hii ni yangu!" Mwinyimto alifoka. "Mimi ndiye Mwinyimto!"

"Mwinyimto yuko redioni, baba, anahutubia," Bi Mwatatu akasema bila ukali, kwa sababu hakuwa na muda wa ukali. "Boti nzito hii. Shika mti twende, au shuka."

Mwinyimto aliutazama mti, akatazama viganja vyake, akashuka. Tope likamvua kiatu kimoja. Boti ikajikwamua, ikashika maji, ikaimaliza kona kwa nguvu za mikono, na Zawena akafika hospitali akiwa hai. Mtoto alilia kabla ya hotuba kwisha.

Tengeleo, tangu siku hiyo, inatawaliwa kwa utulivu mkubwa. Mwinyimto wa Jichoni hachelewi, hazeeki, hamwagi chai, na mawaziri wanakiri kwamba hajawahi kuwa msikivu namna hii.

Huyu mwingine habari zake zinatatanisha. Jioni ile, katika nyumba ya kwanza kutoka mtoni, watu walikuwa wanakula. Jamvi lilikuwa na nafasi, na chungu kilikuwa na samaki wa kumtosha mgeni. Wakasikia mtu mlangoni, anakohoa, anapumua, anakwenda na kurudi kwa mguu mmoja wenye kiatu. Wakanyamaza wampe nafasi ya kubisha hodi, kwa maana Mikomboni anayebisha hodi hukaribishwa, awe nani. Wakasubiri. Wapo wanaosema neno lilimtoka mwishowe, kwa sauti ndogo, akaingia akanawa mikono. Na wapo wanaosema alibaki palepale akingoja mlango ufunguliwe, kama milango yote ya maisha yake, mpaka samaki wakapoa.