Swali la Miayo

Katika kituo kile cha redio uliweza kuchelewa, ukamwaga chai juu ya mitambo, hata ukasinzia kwenye zamu yako muziki ukijiendea wenyewe, na bado ukasamehewa. Neno moja tu lilikuwa mwiko: sijui.

Mwiko huo aliuweka Profesa, ambaye uprofesa wake alipewa na wasikilizaji, si chuo. Kwa miaka mingi aliendesha kipindi cha asubuhi cha maswali ya maumbile, na hakuna swali lililowahi kumkwamisha. Akiulizwa, alikohoa kidogo, akavuta maikrofoni, akasema, "Kisayansi..." Baada ya hapo ungesikia lolote. Umande, kisayansi, ni jasho la mwezi. Nyota humetameta kwa sababu ya baridi ya huko juu. Watu walimsikiliza wakatikisa vichwa kwa raha.

Kisha sauti ikamkauka, daktari akamwamuru anyamaze, na mwenye kituo akampa mpwa wake kile kiti. Binti alikuja na stashahada mbichi na ulimi mkali kama wembe. Hata mkoba hajautua, fundi mitambo alikwishambandika jina: Stashahada.

Kiti kilimkaa. Alieleza kwamba umande haudondoki kutoka popote; ni mvuke wa hewani unaogeuka maji ukigusa jani lililopoa. Simu zilimiminika. Akaanza kuamka kabla ya saa ya kuamka, kwa hamu tu ya kuulizwa.

Hadi asubuhi moja alipopiga simu mama mshona nguo.

"Dada, mimi nikipiga miayo, mteja anapiga. Mteja akipiga, mume wangu huko chumbani naye anapiga, na hata hatuoni, anatusikia tu! Kwa nini miayo inaambukiza?"

"Mama, wataalamu wana dhana kadhaa, na bado wanavutana. Jibu la hakika halijapatikana. Hata mimi sijui."

Upande wa pili wa kioo, fundi mitambo alidondosha kikombe.

Kabla ya mchana Stashahada aliitwa ofisini kwa mjomba wake, mwenye kituo. Profesa alikuwa amefika, skafu shingoni, akinong'ona kama mtu aliye msibani. Fundi mitambo alisimama mlangoni, eti anakagua bawaba.

"Keti, mwanangu," mjomba alisema. "Umetuvua nguo. Msikilizaji mmoja ameuliza kama kituo kimefilisika."

"Nimesema kweli, mjomba."

"Nani kakuomba kweli? Umeombwa jibu!"

"Kisayansi," Profesa alinong'ona, "damu huiita damu."

"Na mume aliye chumbani, Mzee?"

"Huyo huitwa kwa nguvu zaidi."

Mjomba alipiga meza. "Umesikia? Jibu zuri, fupi, halimuudhi mtu. Kesho utaomba radhi hewani, useme ulipitiwa, kisha utasoma hilo. Ukikataa, kipindi hiki utakisikiliza nyumbani kama watu wengine. Kituo hiki kimejengwa juu ya heshi... heshi..."

Kinywa kilimfunguka hadi magego ya nyuma yakaonekana. Hajakifunga, Profesa akapokea. Fundi mitambo akapokea kwa Profesa. Stashahada aliuma midomo, akakaza shingo, wapi.

"Unanipigia miayo usoni?"

"Umeanza wewe, mjomba."

"Mimi nimecho..." Ikamshika tena, wote wakamfuata kama waitikiaji wa kwaya. Mjomba alifuta machozi. Kwa mara ya kwanza alimgeukia Profesa kama mtu anayetaka kujua kweli. "Hebu tueleze. Ni nini hiki?"

Profesa alikohoa. "Kisaya..." Neno likamezwa na mwayo mrefu. Lilipopita, alijifunga skafu upya, akatazama dirishani.

Mjomba alimgeukia mpwa wake, sauti imeshuka. "Haya, Stashahada. Ni nini?"

"Sijui, mjomba. Na huyu naye hajui. Tofauti ni skafu tu."

Fundi mitambo aliikumbatia bawaba yake ili asicheke. Mjomba hakucheka. "Nakuuliza mara ya mwisho. Kesho utaomba radhi, au nitafute mtu mwingine?"

Stashahada alikifikiria kile kiti, na yule mama na cherehani yake, redio ikiwa pembeni. Akasimama, akatundika mkoba begani.

"Mtafute. Kiti ni chako, mjomba. Mama wa watu aliuliza swali la kweli, nikampa jibu la kweli. Radhi siombi."