Kumkata Maini

Mimi mdomo wangu hauna breki, sifichi. Miaka kumi na tisa nimemgombeza mume wangu, fundi viatu, kuanzia soksi anazotupa sebuleni hadi chai anayoiacha mpaka inapoa. Yeye hucheka tu, ananiita Redio.

Kisha macho yake yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Hospitali wakasema ini limeshindwa kazi. Pombe hanywi. Homa ya ini hana. Tukaisingizia gundi ya viatu, daktari akasema nayo siyo. Nikamwambia basi anitajie jina la huo ugonjwa, nipate cha kutukana. Akanijibu kwa upole kwamba wametafuta kila mahali, chanzo hakijulikani.

Wifi yangu yeye alikijua. Alinivuta kwenye korido akaniambia ni mimi, maneno yangu ndiyo yamemkata maini kaka yake. Tunasema hivyo kila siku, mtu akiudhiwa kakatwa maini, lakini siku ile sikuweza kucheka. Nikaapa sitapaza sauti tena mbele ya mume wangu.

Wiki nzima nikamlisha uji kwa sauti ya chini, pole baba, jitahidi kidogo mpenzi. Upole ulinichosha kuliko kufua. Naye sumu ambayo ini lilishindwa kuichuja ilishampanda kichwani, kama daktari alivyotuonya, akawa anapotea na kurudi. Jumanne asubuhi akanitazama usoni akaniita nesi, akaniuliza mke wake yuko wapi, mbona haji.

"Ni mimi hapa," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Wewe mpole. Mke wangu simsikii siku nyingi. Nimemkumbuka sana."

Jamani, nilivyomtamani mtu huyu, kumbe naye ananitamani mimi, na tumekaa kitanda kimoja. Daktari alishasema zimebaki siku chache. Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Na asikie. Nikaweka bakuli chini.

"Wewe mwanamume, uji nimeupika tangu alfajiri unautazama tu, unadhani nimekosa kazi? Na hiyo shuka ulivyoivuruga, nani ataifua?"

Wodi nzima ikageuka. Mume wangu akafumba macho, akatabasamu, akapapasa kitandani mpaka akaupata mkono wangu.

"Umekuja," akasema. "Endelea."

Nikaendelea, machozi yananitiririka. Nikamgombeza kwa yote niliyoyakumbuka, na yalipokwisha nikaanza upya.