Mvua Karudi Kwao

Shoka? Usilitafute, Nakijwa. Lipo kwa wakwe. Tena kisa ni huo wimbo wako. Weka gitaa chini nikueleze.

Usiku wa jana niliota wimbo wako unapiga hodi, umevaa raba. "Mvua karudi kwao, babu kamfuate." Nikauambia, hayo si maneno ya kuimba tu? Unanijibu, "Vaa viatu, mzee."

Sikuvaa. Napiga hatua moja mlangoni, niko mawinguni, uani kwa kina Mvua. Kuku wanadonoa ukungu. Mvua mwenyewe yumo jikoni, kanuna, anamenya ndizi. Wazee wenzangu wote wapo, wamesimama. Si unajua, aliyemfukuza mke hapewi kigoda ukweni mpaka alipe faini.

Kiangi, yule wa tanuri la mkaa, akajitia ujanja: "Mama mkwe, jambo hili tumewaachia vijana. Ndio taifa la kesho."

Mama mkwe, wingu jeusi lenye kanga, akacheka mpaka radi ikamvua Kiangi kofia. "Mwanangu mmfukuze nyie kwa moshi wenu, kuomba radhi mtume wajukuu?"

Nikatoa jani la isale, la kuombea radhi. Jani likasema, "Peke yangu sitoshi. Toa na hilo la begani."

Naangalia, shoka! Lile nililonoa niukate mkuyu wa kisimani, maana ndege wake wananinyea bati.

"Na bati langu je?"

"Pangusa," likajibu shoka. "Mimi nimechoka."

Nikalitoa. Kigoda kikaja chenyewe, kinatembea kama bata. Kabla sijakaa, nikaamka.

Bibi yako Namkunda ananigombeza: "Elinami, tope hili kwenye shuka umelitoa wapi?" Naangalia nyayo, tope tupu! Na uwanja huu ni vumbi tangu Pasaka. Nyuma ya mlango, shoka hakuna.

Ndiyo, mkuyu unabaki. Si uliapa hutakaa chini kula na mimi mpaka niuache? Tangu juzi unakula umesimama kama punda.

Mvua? Sijui, mama. Nilivyomwacha alikuwa bado na ndizi zake. Mtu aliyenuna haharakishwi.

Namkunda, pakua makande. Njoo na wewe, acha kunicheka. Nakijwa, vuta kigoda. Mimi miguu hoi, nimesimama ukweni usiku kucha.

Enhee. Wote tumekaa. Sogeza chumvi.