Ng'ombe wa Cheptoo na Kile Kineno "Is"

Mwaka 1957 Makokha alikuwa mkalimani katika mahakama moja ya Nakuru, na kazi aliipenda. Kilichomkera ni kwamba hakimu, Mzungu mpole wa sauti ndogo, alikuwa akimsahihisha Kiingereza mbele za watu, na yeye hakujua anakosea wapi.

Wiki hiyo ilikuja kesi ya Cheptoo, mama kutoka Rongai. Ng'ombe wake alikuwa amekamatwa na nyapara wa shamba la jirani, eti amekula ngano. Cheptoo hakujua Kiingereza hata kidogo. Alisimama akauliza kwa Kiswahili, "Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Makokha akamgeukia hakimu. "She asks where is her cow, sir."

"Where her cow is," hakimu akasema, akiendelea kuandika.

Cheptoo akauliza kosa lake ni nini.

"She asks what is her mistake, sir."

"What her mistake is."

Watu kwenye mabenchi wakacheka. Makokha akahisi masikio yakimwaka moto. Si ndivyo walivyofundishwa misheni, "Where is the book"? Kwa Kiswahili maneno hayahami: ng'ombe yuko wapi, anauliza ng'ombe yuko wapi, basi.

Saa ya chakula alimkuta Cheptoo nje, amekaa kwenye nyasi akitafuna mahindi ya kuchemsha.

"Karani," Cheptoo akamwita, "huyo mzee hakusumbui bure. Nimekaa humo siku tatu nikingoja kuitwa, sina kazi ila kusikiliza. Kuna kineno kidogo, 'iz'. Wewe unakitia mapema, yeye anakipeleka mwisho. Lakini alipomuuliza nyapara, alikitia mapema kama wewe."

Makokha akasahau njaa. "Akiuliza yeye mwenyewe?"

"Ee. Akiuliza mwenyewe."

"Na mimi siulizi, mama," Makokha akasema polepole. "Mimi naeleza tu ulichouliza wewe."

Mchana Cheptoo akataka kujua mwenye ngano yuko wapi.

"She asks where the owner of the wheat is, sir."

Kalamu ya hakimu ikaendelea kuandika, kimya. Makokha akapumua.

"Na ng'ombe ni mzima?"

"She asks the cow is well, sir."

"If the cow is well."

Safari hii Makokha hakuona aibu. If! Akaiandika haraka pembeni mwa karatasi yake.

Nyapara alishindwa kuonyesha ngano iliyoliwa, na hakimu akaamuru ng'ombe arudishwe. Jioni Makokha alimsindikiza Cheptoo, aliyekuwa ameshika barua ya mahakama, hadi njia ya reli.

"Mama, kikwenu mnasemaje? Kwanza niulize ng'ombe yuko wapi. Halafu uniambie kwamba umeniuliza ng'ombe yuko wapi."

Cheptoo akalisema la kwanza upesi. La pili akalianza, akalikatiza, akalianza tena, kisha akasimama katikati ya barabara.

"Ngoja kidogo, karani," akasema. "Sijawahi kujisikiliza."