Mtafiti wa Pembe Aenda Ukweni

Shangazi wa mchumba wangu ndiye aliyeshika neno la mwisho. Akisema huyu hapana, posa yangu imekufa. Kwa hiyo nilikaa kwenye kochi lao nimenyooka kama rula, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Unasoma nini huko chuoni, mwanangu?"

"Ujangili, shangazi. Nawahoji wanaouza pembe za ndovu."

"Na wanakujibu?"

"Wananijibu. Nawaahidi kwanza kwamba sitawataja kwa mtu yeyote. Bila ahadi hiyo, sina utafiti."

Akacheka, akanyoosha mkono kunimiminia chai. Bangili nene, nyeupe, ikateleza mpaka kwenye kiganja, karibu na pua yangu. Ukingoni niliona mistari myembamba inayokatizana kama wavu. Mfupa hauna mistari hiyo, wala plastiki. Nimeiandikia sura nzima.

"Shangazi, hii ni pembe ya ndovu."

Mchumba wangu akanifinya paja. Alichelewa. Maneno yalishatoka, na mimi si mtu wa kuyameza.

Shangazi akaweka birika chini taratibu. "Niliinunua mwaka jana. Aliyeniuzia namjua mpaka mlango wake. Haya, nihoji basi! Nitakusimulia yote, nawe utafunga mdomo kama unavyowafungia hao wengine."

Mjanja huyu mama!

"Siwezi. Kwenye utafiti wetu, ndugu hahojiwi."

"Ndugu? Nani kakwambia umeshakuwa ndugu? Chagua, kijana. Ukiwa mtafiti, nakupa habari ya kumtoa profesa wako macho. Ukiwa mkwe, unaambulia chai tu."

Wauzaji ninao tele. Wanunuzi ndio wanaonikimbia kama ukoma, na huyu hapa amejileta mwenyewe. Nikamgeukia mchumba wangu. Alikuwa anatazama dari, kana kwamba hanijui.

"Nataka kuwa mkwe," nikasema. "Na mkwe hajaahidi kufunga mdomo. Kesho nakusindikiza kwa maafisa wa wanyamapori, shangazi. Ukaikabidhi, na huo mlango ukawaonyeshe."

"Looo! Shikamoo yake haijapoa, tayari ananipeleka kwa maafisa!"

Akaivuta bangili. Ikagoma kwenye gumba. Akavuta tena, akasonya.

"Wewe mtoto," akamwambia mchumba wangu, "niletee sabuni. Na ukipita huko ndani, mwambie baba yako posa tumeikubali. Mkorofi huyu tukimwachia, atakwenda kumsumbua shangazi wa mtu mwingine."