Waya wa Nyuzi Nyingi

Mwanamke aliyezeekea kwenye cherehani akisikia neno "uzi" hafikirii kitu kingine. Ndiyo maana Bi Pindo, fundi nguo kwa miaka thelathini, mumewe alipofumbua kinywa na kusema "uzi mnene," alitoka mbio na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akarudi na kibonge cha uzi wa kushonea magunia.

Msimcheke. Tangu kiharusi kimwangushe mumewe miezi saba nyuma, mzee hakuwa ameomba chochote. Mkono wa kulia ulilala na maneno yakachanganyikana. Chai aliiita soksi, dirisha akaliita shangazi. Watu walimwita Honi, maana aliendesha treni mpaka akastaafu, na alipostaafu akakijaza chumba cha nyuma kwa meza moja kubwa yenye reli, stesheni za mbao na treni isiyozidi urefu wa mkono. Sasa mlango wa chumba hicho ulikuwa umefungwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikwisha kusema wazi kwamba mkono wa kushoto utajifunza na kinywa kitajifunza, lakini mwenyewe lazima atake. Bi Pindo akawa anamlisha, anamfunga vifungo, anamjibia wageni, na usiku na mchana anaomba jambo moja tu, kwamba mume wake atake kitu.

Honi alikitazama kibonge cha uzi, machozi yakamlengalenga, akakisukuma kikaanguka. Akarudia "uzi, uzi mnene," huku akionyesha chumba cha nyuma. Bi Pindo alimshika mkono, wakaingia polepole, akaiwasha treni. Karibu na transfoma, kile kisanduku cha kuipa umeme, iliondoka vizuri. Ilipofika kona ya mbali, pale dirishani, ikaanza kujikokota, kisha ikasimama. Honi akaonyesha chini ya meza. Bi Pindo alipoinama akaona nyaya nyembamba kama nywele zikizunguka meza nzima, na akili ikamjia. Umeme ulikuwa unachoka njiani.

"Waya," akasema. "Unataka waya mnene."

Honi akafumba macho na kuitikia kwa kichwa.

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa la bwana mmoja mpole mwenye miwani pana. Bi Pindo alimpa kipande cha waya wa zamani, akataka ulio mnene kuliko huo, mwekundu na mweusi. Muuzaji akamuuliza anataka wa uzi mmoja au wa nyuzi nyingi.

"Uzi?" Bi Pindo akashtuka.

Muuzaji akamchunia ncha amwonyeshe. Wa uzi mmoja ni mgumu, ukiukunja umekunjika. Wa nyuzi nyingi ni laini, unafuata kona za meza bila kukatika. Bi Pindo alicheka peke yake pale kaunta. Kumbe mgonjwa hakuwa mbali. Aliyepotea ni fundi nguo. Akachukua wa nyuzi nyingi, akaomba ukatwe vipande na ncha zote zichunwe hapohapo.

Kazi ikawa kwenye viunganishi. Muuzaji alisema fundi wa kweli huunga kwa lehemu, na asiyejua lehemu hutumia vya skrubu. Bi Pindo akaweka mkono wa kulia mgongoni, akajaribu cha skrubu kwa kushoto. Bisibisi ikateleza, waya ukachomoka, kiunganishi kikabingiria hadi miguuni kwa mteja aliyekuwa nyuma yake. Mteja alijizuia kucheka, akashindwa, akamuuliza mama mkono wake una nini.

"Huu mzima," akasema Bi Pindo. "Uliolala uko nyumbani."

Mteja akainama mwenyewe kukiokota. Muuzaji naye akafungua droo nyingine, akatoa viunganishi vidogo vya plastiki vyenye ulimi. Unainua ulimi, unachomeka waya, unabonyeza. Kimoja kikawa kinateleza pale kaunta, basi akakibandika kwa utepe wa gundi, na mara hii Bi Pindo alipouvuta waya haukutoka. Akanunua kumi na utepe wake.

Honi alipoviona alikunja uso, kwa maana yeye ni mtu wa lehemu. Bi Pindo hakumbembeleza. Alivibandika ukingoni mwa meza, akampangia nyaya karibu, akakaa kitini na kuikalia mikono yake isije ikamponza. Pakapita muda wa kutosha kupinda suruali mbili. Halafu mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukainua ulimi wa kwanza.

Waya wa kwanza ulikosa tundu mara nne. Wa mwisho aliuingiza mara moja, lakini mwekundu alikuwa ameuweka pa mweusi, na mweusi pa mwekundu. Bi Pindo aliona, akazidi kuikalia mikono yake. Honi akabonyeza swichi. Treni ikaenda kwa nguvu zote, ikapita kona ya dirishani bila kusita, ila inakwenda kinyumenyume.

Hapo uvumilivu ukamwisha Bi Pindo. Akainuka, vidole tayari kwenye waya mwekundu, akimwambia angoje amrekebishie mara moja tu.

Honi akaushika mkono wa mkewe kwa mkono wake wa kushoto, akauondoa mezani.

"Toka," akasema.

Lilikuwa neno zima, na lilikuwa ndilo hasa alilokusudia. Bi Pindo akatoka, akafunga mlango, akaegemea ukuta na kulia. Simu ikaita mfukoni. Ni binti yao, na kusikia kwikwi tu akaanza kuhangaika, akiuliza baba ana nini.

"Baba yako amenifukuza," akasema Bi Pindo, na kicheko hakikumwacha aendelee.