Pumzi Upande wa Kushoto

...na akae kimya hivyohivyo, kwani nani amemuona, pumzi ya nyangumi imeruka upande wa kushoto, upande wake, na kwenye meli hii ya utafiti kila mtu macho upande wake, kuchungulia wa mwenzio marufuku, kwa hiyo nyangumi huyu ni wa Isyang peke yake na Isyang hasemi ng'o, "Dada Isyang, kushoto kuna kitu?" Daktari Villaruz anauliza kutoka juu, "Hakuna," anajibu bila kugeuka, na huyu mwalimu wa Cebu aliyejitolea, kajipaka mafuta ya jua mpaka kawa mweupe kama mwiko wa uji, analalama upande wa kulia, "Jamani, nimeomba likizo nije nimuone walau mmoja," kamuone mama yako, kwako wewe nyangumi ni picha ya kuwaringia walimu wenzio, kwa Isyang ni baba, baba aliyeruka na ndoano mkononi juu ya mgongo wa mnyama, kama walivyowinda wanaume wote wa kisiwa enzi zile, kamba ikamzonga mguu, wakangoja aibuke, wakangoja... halafu leo eti mnyama huyohuyo ahesabiwe, abembelezwe, akionekana leo, siku ya mwisho ya kuhesabu, ghuba itaendelea kufungwa kwa wavuvi, nyavu za Berting zitaozea uani, asipoonekana inafunguliwa, "Dada, ukimuona we meza mate tu," Berting mdogo wake kamwambia asubuhi, naye akacheka, kumeza mate kuna kazi gani... huyo tena, karibu zaidi, na harufu hiyo, samaki aliyechacha, harufu ya shati la baba, na ubavuni pumzi nyingine, fupi, kumbe ana mtoto, meza mate Isyang, meza, baba angefanyaje, baba angeita, ndiyo, angeita mpaka koo likauke, kisiwani aliyemuona aliita hata kama mtumbwi ulio karibu ni wa adui yake, na aliyeona akanyamaza alikuwa hagawiwi nyama, mkewe kisimani hasalimiwi, Mzee Pasyo alinyamaza mara moja tu ili ndugu zake wawahi, baba akaenda kutema mate mlangoni pake, "Mwizi wewe," mbele ya watoto wake... mwizi, nani, Isyang? binti wa nani? na huyo Berting, aliyelelewa kwa nyama ya mgao mpaka akaota ndevu, ndiye wa kumfundisha kunyamaza, mpumbavu, na mpumbavu zaidi ni yeye aliyecheka, mkono unamwasha kuinuka, uonyeshe wapi, maji yamejifunga, hakuna mgongo wala pumzi, "Basi, tunageuza, leo hatujapata," anasema Daktari, mwalimu anasonya, na Isyang aseme nini, ameshasema hakuna, macho yamebaki palepale kushoto, yanauma, toka basi, mshenzi mkubwa wewe uliyeniulia baba, toka na mwanao wakuone.